Besi ya Mfenesi

Malindi, 14 Januari 2025

Dada Ndinda,

Salamu nakupa, ingawa wewe uliondoka bila kuaga. Simu yako imezimwa tangu Novemba. Kwenye kundi la bendi umejitoa. Kaka yako Laban nikimpigia hunijibu kama karani wa mahakama, eti unapumzika, halafu huniuliza hali ya hewa ya Malindi. Basi nimerudi kwenye kalamu, na barua hii inakuja na gari la Kaloleni. Dereva nimemwapiza aifikishe mpaka shule anayofanyia kazi Laban, mkononi mwake.

Salamu zimekwisha, sasa ugomvi.

Watu wa kanisa lenu la Watamu wameniambia kwamba umesema hutapiga gitaa la besi tena maishani mwako. Ajali naijua. Najua bodaboda ilianguka njia panda ya Gede na kioo chake kikakukata mkono wa kushoto. Nilikuja kukutazama hospitalini, nikaona bendeji mpaka kiwikoni, nikajiambia haya ni mambo ya majuma machache. Sikujua kwamba mtu aliyeibeba Bendi ya Shela mgongoni mwake, harusi hadi harusi, Malindi mpaka Mambrui, atapanda gari la alfajiri akajifiche kwenye vilima vya kaka yake.

Nisikilize. Gitaa ulilokuwa ukipiga lilitengenezwa kiwandani, ng'ambo, na mtu asiyejua kama upo. Alipima mkono wa mwanamume mrefu wa kwao, na wewe ukavilazimisha vidole vyako vimfuate. Sisi watu wa huku ni hodari wa hilo. Tumelazimisha miguu iingie kwenye viatu, watoto waenee kwenye madawati, na ardhi yetu iingie kwenye ramani ya mtu aliyekuwa na haraka. Kitu kikitubana tunajilaumu sisi. Sasa mkono wako umeumia na wewe umehukumu kwamba mkono ndio wenye kosa. Mimi nakata rufaa. Mkono haurekebishiki kwa randa, gitaa linarekebishika. Nitakutengenezea besi mpya, hapa nyumbani, kwa kipimo chako.

Usicheke. Kabla sijawa mwalimu wa historia na mpiga gitaa la solo wa bendi nilikuwa mtoto wa seremala, na vyombo vya marehemu baba bado viko ndani ya kasha, vimepakwa mafuta. Ninachotaka kwako ni kitu kimoja. Weka mkono wa kushoto juu ya karatasi, vidole uvitanue kadiri unavyoweza, uzungushe kalamu. Kama haviendi mbali, nitaifupisha shingo ya gitaa mpaka ikufuate wewe.

Bendi haijambo, harusi zimefuatana. Nafasi yako tumemwazima jamaa mmoja wa Mtwapa, anapiga besi kama mtu anayebisha mlango wa choo chenye mtu ndani. Rudi kabla masikio ya watu hayajamzoea.

Ndugu yako katika muziki na ubishi,
Stambuli


Kaloleni, 27 Januari 2025

Mwalimu Stambuli,

Shikamoo. Barua yako Laban aliisoma kwanza, nikamsikia akicheka peke yake huko nje, ndipo akaniletea. Amesema ulikosea kazi, ulifaa kuwa wakili wa watu wenye hatia.

Mkono unaendelea vizuri. Vidole vimechoka tu. Daktari alisema kila kitu kinataka muda, na mimi sina haraka.

Gitaa langu nimewapa kwaya ya shule hapa. Afadhali liguswe kuliko kukaa kwenye kona likinitazama. Nami nimepata kazi. Mwezi wa tano, muhula wa pili ukifunguliwa, nitakuwa mtunza bweni la wasichana. Laban aliniombea, mwalimu mkuu akakubali, anangoja tu nithibitishe. Kuna chumba na kitanda na dirisha linalotazama minazi. Watu wamepata mabaya kuliko hayo.

Kuhusu viatu na madawati una haki. Kuhusu gitaa umekosea. Gitaa lile halikunibana, nililipenda.

Mchoro wa mkono nimeuweka humu. Nimeuchora kwa sababu najua nisipouchora utakuja hapa mwenyewe na futi ya seremala. Tafadhali usije. Andika, nafurahi kusoma unavyowatukana watu wengine. Lakini usije.

Dada yako Radhia msalimie. Anajua kuwa unataka kufanya nyumba yake karakana?

Ndinda


Malindi, 16 Februari 2025

Dada Ndinda,

Mchoro umefika salama. Nimeubandika ukutani juu ya meza, kila anayeingia humu ananiuliza ni mkono wa nani, nami namwambia ni mkono wa mtu mwongo. Umesema vidole vimechoka? Mkono huu unatanuka kama mkono wa mfumaji nyavu. Nilikuwa nimejiandaa kukata shingo fupi kama ya ukulele, na sasa sioni sababu. Nitakupa urefu kamili, ila upana nitaupunguza kidogo kwenye kichwa, pale kidole cha shahada kinapoanzia kazi. Wasiwasi wako wote ulikuwa hewa tupu.

Sasa habari za kazi. Nilianza na kosa, na kosa lenyewe lina jina: Kombe. Unamkumbuka, seremala wa vitanda vya mahoteli, yule mwenye sauti ya mnadani. Alinisikia nikiulizia mbao akaja mwenyewe barazani kunifundisha. Akasema kitu chochote cha heshima pwani hii hutengenezwa kwa mbambakofi. Milango mbambakofi, makasha mbambakofi, basi na gitaa mbambakofi, kwani gitaa ni nini mbele ya mlango? Nilibishana naye kwa sababu ninabishana na kila mtu, lakini moyoni aliniteka. Tukakata kiwiliwili cha gitaa kwa mbambakofi, nikakisugua kwa msasa kikang'aa kama meza ya liwali. Nilipokivaa kwa mkanda niliinama mbele kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Kombe akasema nitazoea. Nikamjibu kwamba hata punda wa Lamu wanaambiwa hivyo hivyo. Akaondoka na jiliwa lake la kubania mbao, na kiwiliwili kile sasa kinazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Kazi hiyo kinaiweza.

Nikafikiri upya. Unaukumbuka mfenesi wa uani kwetu, ulioanguka ule mwaka wa upepo mkali? Ulipasuliwa mbao, na mbao moja nene Radhia aliiweka chini ya kitanda chake, akisubiri siku atakayopata fundi wa kumtengenezea kabati la vyombo. Imekauka vizuri mno. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole inakujibu, haisemi tu "tup" kama mbambakofi. Ina rangi ya manjano kama ukoko wa wali. Nimeshaikata. Radhia hajatazama chini ya kitanda, na mimi sioni kwa nini nimharakishe.

Shingo ni mvule, na ndani yake nimepitisha fimbo ya chuma ili nyuzi zisije zikaipinda. Kichwa cha shingo kilitoka chembamba kwa sababu mbao ilikuwa nyembamba, hivyo vigingi vya kukazia nyuzi nimevigawa, viwili upande huu na viwili upande ule. Wataalamu wa mtandaoni wangependa vyote vinne vikae upande mmoja. Wataalamu wa mtandaoni hawakunipa mbao.

Jana nje ya msikiti mzee mmoja aliniuliza, mbele za watu, kama sioni haya, mtu mwenye mvi kama mimi kushinda nachonga ala za muziki. Nikamuuliza yeye mbona haoni haya kucheza kila harusi tuliyopiga na kukana asubuhi yake. Watu wakacheka, yeye pia akacheka, tukaenda kunywa kahawa. Hivyo ndivyo watu wanavyopaswa kugombana.

Bendi ingali kazini. Jamaa wa Mtwapa hajaboreka.

Stambuli


Kaloleni, 8 Machi 2025

Mwalimu,

Shikamoo na Ramadhani njema.

Barua yako imenichekesha, na baada ya kucheka nimekaa vibaya siku nzima. Naomba uache. Sikutaka kukuambia hivyo mwanzo kwa sababu nilidhani utachoka mwenyewe kama ulivyochoka na lile gazeti lako la kurasa nne. Mbao ya dada Radhia mrudishie hata kama imekatwa.

Kazi ya bweni nitaichukua. Nimeshaonyeshwa chumba. Wewe unaandika habari za shingo na vigingi na mimi huku naanza kuota, na sitaki kuota. Nilikuwa nimefika mahali nimenyamaza.

Halafu nikupe hoja uigonge, nisije nikaonekana sina adabu. Unasema tunalazimisha watu. Mimi nilizaliwa nashika vitu kwa kushoto. Kule Kitui mama yangu alinifunga mkono huo kwa kitambaa kila nilipokaa kula, na alipoondoka yeye nyanya alinifunga, mpaka nikazoea mkono wa kulia. Kula, kuandika, kusalimia, kupokea, vyote kulia. Nilipojifunza gitaa nikalishika kama wanavyolishika wote, na sikudhurika. Kwa hiyo sio kila kulazimishwa ni dhuluma.

Kwaya ya hapa wamekata uzi mnene wa gitaa langu. Hawajui kuufunga. Sikuwaambia kuwa najua.

Ndinda


Malindi, 2 Aprili 2025

Dada Ndinda,

Idi mubarak, imepita lakini chukua.

Hoja yako nimeigonga na imevunjika. Unasema hukudhurika. Aliyefungwa mkono akaambiwa hakudhurika atajuaje? Atajilinganisha na nani, na yule Ndinda mwingine ambaye hakufungwa? Huyo hayupo, hakuruhusiwa kuwapo. Mama yako simlaumu. Na mimi nilifundishwa hivyo hivyo, na hapa kwetu mtu akikupa kikombe kwa kushoto unahisi amekutusi ukoo mzima. Ninachosema ni kwamba usiniletee jeraha lililopona ukaliita ushahidi kwamba kisu ni kitu kizuri.

Basi, hilo limekwisha. Ombi lako kwamba niache nimelisoma na kulikataa. Unaweza kukataa kulipiga gitaa. Huwezi kunikataza kulimaliza.

Mwezi mzima wa Ramadhani nilikuwa naviringisha waya. Sauti ya besi ya umeme haitoki kwenye mbao, inatoka kwenye sumaku chache zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Uzi unatikisika juu ya sumaku, waya unasikia. Waya wenyewe niliutoa ndani ya redio kubwa ya marehemu baba, ile iliyokufa siku nyingi. Kwa mkono ulinikatikia kila nikipiga chafya. Mwishowe nikatumia cherehani ya Radhia, pale anapojazia uzi kwenye kibobini. Nilikanyaga taratibu kuanzia baada ya adhuhuri mpaka magharibi, na njaa ya saumu ikanisaidia, maana mtu mwenye njaa hana haraka ya kwenda popote. Nimeunganisha kwenye spika, nikagonga sumaku kwa bisibisi, ikatoa sauti. Radhia alikuwa anakaanga kaimati akaangusha mwiko.

Ameshajua habari za mbao. Kulikuwa na maneno. Siyaandiki.

Kiwiliwili nimekwisha kukichimba mashimo ya sumaku, na nimekata lile bonde la chini linaloruhusu mkono kupanda mpaka freti za mwisho. Freti ninamaanisha vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, nimevigongea kimoja kimoja. Sitaunganisha chochote kabla hujaijaribu shingo. Umeniambia nisije, siji. Lakini hukusema shingo isije. Inakuja kwenye kifurushi, imefungwa ndani ya leso. Ishike, uniambie inakubana wapi, niipunguze kwa tupa. Hilo tu.

Stambuli


Malindi, 3 Aprili 2025

Mwanangu Ndinda,

Mimi Radhia. Kifurushi nimekifunga mimi, na barua hii nimeitia ndani ya mkunjo wa leso, yeye haijui. Leso ni yako, usiirudishe.

Sina kawaida ya kuandika barua, kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Hakuna bendi. Hakuna mtu wa Mtwapa. Tangu ulipoumia kaka yangu hajapiga harusi hata moja. Walikuja watu hapa kumtafuta, akawaambia bendi haina besi, na walipomtajia mpigaji mwingine akawatolea hotuba mpaka wakaaga. Siku hizi harusini anakwenda yule bwana wa spika na kompyuta. Stambuli hutia pamba masikioni anapopita. Anakuandikia mambo ya Mtwapa ili usione kwamba watu wamekaa wanakungoja, kwa sababu anaona ukijua utarudi kwa huruma, na yeye anataka urudi kwa hasira. Ndivyo alivyo, huruma anaiona ni tusi.

Nyumba yangu imejaa vumbi la mbao. Kwenye unga nimelikuta. Meza yangu ya kukatia mahamri ameipiga misumari akaifanya jiliwa. Kabati langu la vyombo limekuwa gitaa.

Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kwa sababu yeye anauliza maswali kwa kupiga kelele na wewe unajibu kwa kunyamaza, na mimi niko katikati na vumbi kwenye unga. Kama hulitaki hilo gitaa, mwambie kwa kinywa kipana na umwambie kwa nini, atalia kidogo atapoa. Kama unalitaka, mwambie pia. Lakini mwambie kitu kilicho cha kweli.

Mimi nataka meza yangu.

Radhia


Kaloleni, 19 Aprili 2025

Mwalimu Stambuli,

Shikamoo.

Nimeiandika barua hii na kuichana, na kuiandika tena. Kesho ni Pasaka, nataka iwe imetoka kwangu kabla sijaenda kanisani.

Ule mchoro si mkono wa kushoto. Uliniambia niweke mkono wa kushoto juu ya karatasi na mimi sikuweza kuuweka. Vidole viwili vya mwisho vimejikunja, vimelala kwenye kiganja na havinyooki, hata nikivivuta kwa mkono mwingine. Kioo kilikata ndani. Daktari alisema walichoweza kushona wameshona. Nilikaa na karatasi yako mbele yangu, nikaona haya, nikachora mkono wa kulia, kisha nikageuza karatasi nikapitisha kalamu upande wa pili ili uonekane wa kushoto. Ulipoandika kwamba unatanuka vizuri nililia, kisha nikakasirika na wewe, kana kwamba ni wewe uliyenidanganya.

Hakuna kipimo cha shingo kitakachovinyoosha vidole hivyo. Hiyo ndiyo kweli, na ilibidi niiseme mapema kabla hujakata mbao ya watu.

Barua ingeishia hapo. Nilitaka iishie hapo. Lakini limetokea jambo moja.

Laban alitoka stendi na kifurushi chako akakifungua sebuleni. Akaitoa shingo kwenye leso akanipa, akasema, "Chukua, huyu mtu wako ni mwendawazimu." Nami nikaipokea kama mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake, kwa mkono wa kulia. Sikufikiri. Ndivyo nilivyofunzwa. Na mkono ukakaa. Mwalimu, ulikaa kama umezaliwa nayo. Kidole cha shahada kikaanguka pale ulipopunguza, kidole gumba kikapata mahali pake nyuma, na cha mwisho kikafika freti ambayo sijawahi kuifikia kwenye gitaa la kiwandani bila kuhama. Kwa sababu umeichonga kwa kipimo cha mkono huo. Umeuchonga mkono wangu wa kulia pasipo kujua.

Laban alikuwa anazungumza, sikumsikia. Niliigeuza kichwa kikatazama upande mwingine, upande wa makosa, na mkono wa kushoto nikauteremsha chini, pale nyuzi zinapochokolewa. Vidole viwili vilivyobaki vizima ni cha shahada na cha kati. Ni hivyo hivyo viwili vinavyohitajika huko. Vile vilivyojikunja vilikaa pembeni havimsumbui mtu.

Shingo inarudi na barua hii, na sijui nakuomba nini. Sijapiga hivyo hata siku moja. Kila kitu kichwani mwangu kimeelekea upande wa pili. Mwalimu mkuu anataka jibu kabla ya shule kufunguliwa.

Dada Radhia amenieleza habari za mtu wa Mtwapa. Usimgombeze. Nilimpenda yule jamaa, alikuwa na mdundo mbaya kweli.

Usije bado.

Ndinda


Malindi, 11 Mei 2025

Ndinda,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaenda uani kumtafuta mtu wa kugombana naye, nikamkosa.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa na haya mbele yangu, mimi ambaye ulinishuhudia nikitapika kwenye viatu vya bwana harusi kule Mambrui. Nikakasirika na nafsi yangu, maana miezi yote hii mchoro ulikuwa ukutani mbele ya macho yangu, mimi ninayejidai kusoma hati za kale, na sikuuliza hata mara moja kwa nini mtu mwenye mkono kama huu amekimbilia Kaloleni. Nilitaka iwe hivyo nilivyotaka, nikaona nilichotaka. Yamekwisha. Habari za Mtwapa nazo ulishazijua, sina la kuongeza, ila Radhia atanijibu mimi.

Sasa kazi. Ukilishika gitaa kwa upande huo, kila kitu kinageuka. Lile bonde nililokata chini kwa ajili ya mkono wako litakuwa juu, na pembe ya juu itakuwa chini, litakaa mapajani kama mbuzi anayetaka kushuka. Kwa hiyo kiwiliwili kilikuwa kimeharibika, na mbao nyingine ya mfenesi hakuna, labda nimkatie mtu mti wake. Mvua ya masika ilikuwa inanyesha, gundi haikauki, Kombe akapita akiwa amejifunika gunia, akaniona nimekaa mbele ya ile kazi, akasema, "Si nilikwambia mbambakofi?"

Nilinyanyuka nimfukuze, na katika kunyanyuka nikakipiga kiwiliwili kwa goti kikaanguka kifudifudi. Nikakiangalia. Bonde lilikuwa limehamia upande mwingine, palepale linapotakiwa. Ndinda, tumbo limekuwa mgongo. Nilichohitaji ni kukipindua.

Kombe na mimi tulitazamana. Nakiri kwamba hakusema neno, na kwa Kombe hiyo ni sadaka kubwa. Akavua gunia akaingia ndani, akashika upande mmoja na mimi mmoja, tukachimba upya, sumaku zikapata makao kwenye uso mpya. Makao yao ya kale yamebaki matundu mgongoni. Nimeyafunika kwa kipande cha sinia la Radhia, lile la bati, na sinia hilo limetuliza mngurumo wa umeme kuliko kitu chochote nilichojaribu. Radhia amesema akitoka jikoni akute amebakiwa na sufuria moja atashukuru.

Vile vidoa vya mfupa nilivyotia ubavuni mwa shingo, vya kukuonyesha ulipo bila kuinama, sasa vitatazama sakafuni. Nimeongeza vingine upande wa juu. Vya chini nimeviacha. Viache vitazame.

Sasa neno moja bila kelele. Utapiga vibaya. Utapiga vibaya kwa muda mrefu, na hakuna mwenye haki ya kukuahidi vinginevyo, hata mimi. Mkono wa kulia umejua kuchokoa, haujui kubana, na wa kushoto umejua kubana, haujui kuchokoa. Lakini wa kushoto haukuanzia kubana. Kabla ya kile kitambaa ulikuwa ndio mkono wako wa kwanza. Hilo ulinipa wewe mwenyewe ili unishinde nalo, na mimi nalirudisha kwako.

Kama umeshamjibu mwalimu mkuu ndiyo, basi umejibu, na besi itaishi bwenini. Haina sharti. Inakuja Jumamosi, imefungwa ndani ya godoro la mtoto, dereva amekatazwa kuweka kuku juu yake. Ningependa kuileta kwa mikono yangu. Nimeambiwa nisije.

Stambuli


Kaloleni, 8 Juni 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Usinisahihishe mwandiko. Hii yote nimeiandika kwa kushoto, na kalamu naishika kwa vidole viwili na gumba, na imenichukua tangu tumetoka kanisani. Laban amepita mara kadhaa akidhani naandika kitabu.

Godoro lilifika limelowa, gitaa kavu. Nililifungua peke yangu. Nilinusa kwanza, lina harufu ya jikoni kwa dada Radhia. Ni jepesi. Mgongoni lile sinia bado lina ua lake jekundu, hukulikwangua, asante.

Siku za kwanza nilitaka kulirudisha. Nilikuwa kama mtu anayejaribu kutembea nyumbani kwake akienda kinyumenyume. Wimbo niliopiga miaka yote ukanikimbia kabisa. Niliwaambia wanakwaya wanifungie mlango, wakaufunga wakabaki wakisikiliza dirishani. Halafu Jumatano mkono wa kushoto ukafanya jambo ambalo sikuuambia. Nilikuwa namfikiria Laban na ugali wake unaoungua, na huku mkono unachokoa, na ule mdundo wa kumwingiza bibi harusi ukatoka wenyewe, mzunguko mmoja mzima, kabla sijautazama. Nilipoutazama ukapotea. Alhamisi ukarudi, ukakaa zaidi.

Nimeunganisha kwenye spika ya kwaya. Sufuria za shule zote zinatetemeka rafuni, mpishi anasema ni kama lori limeegeshwa chini ya sakafu. Wale wasichana walionisikiliza dirishani wananidai niwafundishe, na mmoja wao anashika kijiko kwa kushoto. Uzi wao mnene niliufunga.

Mwalimu mkuu nilimwambia kazi ya bweni ampe mtu mwingine. Aliuliza nitafanya nini. Nikasema nitapiga besi. Akaniangalia mkono, nikamwachia auangalie, sikuuficha.

Bado napiga vibaya, ulisema kweli. Na gitaa ulilonitengenezea lina kasoro. Uzi ule mnene ukibanwa karibu na kichwa unavuma kama nyuki ndani ya kopo, na hapa hakuna mtu wa kumwonyesha. Usiniandikie maelezo ya jinsi ya kurekebisha. Naujua mtindo wako, itakuwa kurasa sita na nusu yake ni kumtukana Kombe.

Beba tupa, na gitaa lako la solo, na kama dada Radhia amepata meza yake mbebe na yeye.

Usiandike. Njoo.

Ndinda